Akaunti ya Kaka

Jina alilopewa na wazazi wake limo kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki. Watu wanamwita Bi Kufuli, naye anaitika. Aliyempa jina hilo ni bwana wa fotokopi, yule aliyempangisha chumba cha nyuma ya duka lake. Siku moja alimkuta amelitia kufuli kopo la sukari. Kopo la sukari, jamani. Alipomuuliza kulikoni, akajibiwa kwamba sukari haina miguu lakini inajua kuondoka, na kwamba yeye hamtuhumu mtu, anamwepusha tu na majaribu. Bwana wa fotokopi alicheka mpaka akakosea kutoa nakala za mteja, na kuanzia siku hiyo jina likakaa.

Kazi ya Bi Kufuli ni kutunza tovuti za watu. Si kuzitengeneza. Wa kutengeneza wako tele: anakuja kijana na miwani yake, anakutengenezea tovuti inayometameta, anachukua chake, halafu simu yake haipatikani tena. Anayebaki kulea ni Bi Kufuli. Analea tovuti ya shule ya udereva, ya sekondari moja ya bweni, ya chama cha mafundi cherehani, ya duka la vipuri vya pikipiki, na nyingine ambazo wenyewe hawakumbuki kama wanazo. Zote zinaendeshwa na programu ya aina moja, ile inayomwezesha hata mtu asiyejua lolote kuingia, kuandika habari yake, kubonyeza, na dunia nzima ikaisoma.

Uzuri wa programu hiyo ni kwamba unaweza kuiongezea chochote. Unataka kuonyesha picha, kuna kijiprogramu cha picha. Unataka kalenda, kipo cha kalenda. Na ubaya wake ni huo huo. Kila kijiprogramu kimeandikwa na mtu fulani huko aliko, naye ni binadamu, anachoka, anakosea mstari mmoja, na mstari ule unakuwa tundu. Wadukuzi wakilijua, wanaziachia mashine zao zipite kwenye kila tovuti yenye kijiprogramu kile, zikijaribu kuingia. Hapo ndipo wateja wa Bi Kufuli wanapomkatalia. Mwenyekiti wa mafundi cherehani alimwambia waziwazi, "Sisi watu wa sindano na uzi, nani wa kutuibia?"

"Mwizi anayejaribu kila mlango hasomi kibao kilichoandikwa mlangoni," Bi Kufuli akamjibu.

Na kweli hakuwa na mchezo. Kijiprogramu kikitolewa marekebisho asubuhi, mchana kwake kimesharekebishwa. Neno la siri fupi alilikataa kama mama anavyokataa nguo chafu mezani. Mfanyakazi wa mteja akiacha kazi, akaunti yake inafungwa siku hiyo hiyo. Mkuu wa ile sekondari alipostaafu, soda za kumuaga zilikuwa hazijaisha gesi wakati Bi Kufuli alipomfungia. Mkuu alinuna. Bi Kufuli akamwambia hana ubaya naye, ila mtu akihama nyumba huacha funguo, na kama hakuziacha, fundi hubadilisha kitasa. Halafu akamalizia na ule wimbo wake ambao wateja wote walikuwa wameukariri, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa sikiliza, maana mtu kama huyo ukiambiwa ana mlango mmoja aliouacha wazi utabisha. Mimi pia ningebisha.

Zamani Bi Kufuli alikuwa mpiga taipu katika kiwanda cha kuchapa vitabu. Kiwanda kilipofungwa, akarudi nyumbani na vidole vyepesi visivyo na kazi. Aliyemwinua ni kaka yake, fundi redio, mwanamume mwembamba mwenye maneno mengi, aliyekuwa amejifundisha mambo ya kompyuta kwa kuzifungua na kushindwa kuzifunga. Alimkalisha mdogo wake mbele ya kioo, akamwambia, "Dada, kupiga taipu unajua, kusoma unajua, na kushuku watu ndiyo usiseme. Kazi hii imeumbwa kwa ajili yako." Alimwita Dada maisha yake yote ingawa yeye ndiye mkubwa, na hakuna mtu mwingine aliyemwita hivyo.

Kisha figo za kaka zikaharibika. Akawa mtu wa kwenda hospitali kila mara, kulazwa kando ya mashine, kufungwa mipira, damu itoke isafishwe irudi. Akiwa amelala pale aliwatazama wagonjwa wapya wanavyoingia wakitetemeka, hakuna wa kuwaeleza kinachokuja. Ndipo akaanzisha tovuti ya chama cha wagonjwa wa figo. Aliandika makala humo kwa mkono wenye sindano na kwa mkono usio na sindano. Iko inayoitwa "Sindano ya Kwanza". Iko inayoeleza namna ya kuidanganya kiu. Iko moja waliyoipenda wanawake kuliko zote, yenye kichwa "Mkeo Hajachoka Nawe, Amechoka Tu". Chini ya kila makala palisomeka: imeandikwa na kaka. Ndivyo alivyojiandikisha kwenye mfumo, na wagonjwa wote walimwita hivyo hivyo.

Akaunti zilikuwa mbili, ya kaka na ya dada, zote alizifungua yeye. Programu ilipokuja ilikuwa na salamu ya Kiingereza, inayotokea juu pembeni mtu anapoingia. Kaka akaifuta, akaandika yake. Ukiingia unasomewa "Karibu tena" na jina lako. Alisema mtu akitoka kwenye mashine ile anastahili kukaribishwa mahali kwa lugha yake.

Alipofariki, Bi Kufuli alizika, akapokea wageni, akarudi kazini, akafunga kila kilichotakiwa kufungwa. Akaunti ya kaka hakuifunga. Kila Ijumaa jioni, kabla ya kuzima taa za chumba chake, alitoka kwenye akaunti yake mwenyewe, akaingia kwa ile ya kaka. Neno la siri lilikuwa "malkia", jina la mbuzi wao wa utotoni, mbuzi asiye na ufalme wowote zaidi ya kiburi, na ndilo neno ambalo kaka alilitumia kila mahali maishani mwake. Basi anaandika malkia, anabonyeza, inatokea: Karibu tena, Kaka. Analitazama jina lile kitambo, anatoka, anazima taa, anafunga mlango, anarudi nyuma kuutikisa kama ilivyo desturi yake, anakwenda nyumbani. Ni upumbavu? Haya, ni upumbavu. Amcheke aliyezika ndugu asiache hata shati lake moja likining'inia.

Mambo yalianza kwa habari iliyoenea asubuhi moja, kwamba kijiprogramu cha picha kinachotumiwa na watu wengi mno kimekutwa na tundu, na mtu yeyote anaweza kupandisha faili lake kwenye tovuti yako bila kuulizwa yeye nani. Marekebisho yalikuwa tayari. Bwana wa fotokopi alileta chai, akaambiwa aiweke chini na asiongee. Bi Kufuli alipita tovuti moja baada ya nyingine, akisasisha, akikagua, mpaka akaimaliza ya mwisho, ya wagonjwa wa figo. Chai ilikuwa imepoa na aliinywa hivyo hivyo kwa raha.

"Wengine leo watalia," alimwambia bwana wa fotokopi. "Kwangu hapiti hata mbu."

"Mbu apite kutafuta nini kwako, wewe mwenye damu ya kufuli," akajibiwa.

Haikupita siku mbili, simu ikalia. Alikuwa Dereva, mgonjwa wa figo, mzee aliyeendesha mabasi ya masafa mpaka akastaafu, na sauti yake bado ni ya mtu anayeongea huku akitazama barabara.

"Bi Kufuli, ule ukurasa wetu umeingiwa na karata."

"Karata gani, Mzee?"

"Za kamari. Nafungua nitazame ratiba ya mashine, kabla sijasoma anatokea mwanamke anacheka, ananimwagia sarafu za dhahabu, ananiambia nimeshinda. Nimeshinda nini, mimi nataka ratiba."

Bi Kufuli aligeukia kompyuta yake, ambayo asubuhi yote ilikuwa imeingia kwenye tovuti ile kwa akaunti ya dada. Akafungua ukurasa wa ratiba. Ratiba ilikuwepo, imenyooka, hakuna mwanamke, hakuna sarafu. Akafungua mara ya pili. Safi.

"Hapa kwangu pasafi, Mzee."

"Huku kwangu pachafu."

"Basi tatizo liko huko kwako." Na kwa kuwa alikuwa bado amelewa ushindi wa juzi, akaongeza kwa kicheko kidogo, kile cha mtaalamu, "Simu huwa inamletea mtu anachokitafuta, Mzee wangu. Wewe mwenyewe ndiye unayejua umepita nayo wapi."

Kama angejua, angeumeza ulimi. Dereva masikio yake yamechoka kwa ngurumo za injini, kwa hiyo simu huiweka sauti ya juu, chumba kizima kisikie. Na chumbani alikuwemo mkewe, anakunja nguo. Na mke huyo, miaka ile watoto walipokuwa wadogo, aliwahi kufungasha akarudi kwao kwa sababu karata zilikula ada ya binti yao mkubwa na zikaanza kuionja kodi ya nyumba. Alirudi kwa ahadi moja tu, na Dereva aliitunza ahadi ile mpaka akazeeka nayo. Hilo Bi Kufuli hakulijua. Alisema tu neno, akakata simu, akaendelea na kazi.

Mke wa Dereva hakupiga kelele. Alimaliza kukunja shati alilokuwa nalo mkononi, akaliweka, akasema, "Kumbe umerudi huko."

"Sijarudi popote. Umesikia nilivyomwambia, nimefungua ratiba."

"Nimesikia alivyokujibu. Yeye ndiye mwenye kujua vitu hivi, au siye?"

Aliichukua simu, akautazama mwenyewe ule ukurasa uliobaki wazi, mwanamke bado yupo, anacheka. Hapo ushahidi gani tena ulitakiwa. Simu ikaingia kabatini, chini ya mashuka, na kabati likafungwa. Ile ya mke ni ya vitufe, haina uwezo wa kufungua tovuti. Dereva aliapa kwa kila kitu anachokiheshimu, halafu akanyamaza, maana alikumbuka kwamba hata enzi zile alikuwa anaapa vizuri sana.

Kwa Bi Kufuli nako malalamiko yaliendelea. Alipiga mgonjwa mmoja, akapiga wa pili, wote wanasema karata, sarafu, mwanamke. Kila mara aliangalia kwake, akakuta pasafi, akawajibu vile vile: futeni takataka kwenye simu zenu, acheni kubonyeza ovyo. Ukimuuliza maana ya "lisemwalo lipo" atakueleza vizuri kuliko mimi. Lakini methali tunazijua kwa ajili ya wenzetu.

Wiki ile mashine moja hospitali ikaharibika. Ratiba ikapangwa upya, na nesi mkuu wa chumba cha mashine akaijaza kwenye fomu ya tovuti kama kawaida, kwa sababu kumpigia kila mgonjwa hakuwezekani. Kundi la Dereva likawahishwa, waje Jumatano mchana. Dereva simu yake ilikuwa chini ya mashuka. Alikwenda Alhamisi asubuhi, siku aliyoizoea, amechana nywele, amebeba blanketi lake, akaambiwa zamu yake ilipita jana na mashine zote zina watu, arudi kesho. Alirudi nyumbani bila kumlaumu mtu. Jioni miguu ikavimba, uso ukavimba, na kufika alfajiri akawa anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima ilhali amekaa kitini. Mke aliita teksi kwa ile simu ya vitufe.

Ijumaa asubuhi nesi mkuu alimpigia Bi Kufuli. Nesi huyu ni msichana mdogo kwa umri, ila ulimi wake umekomaa.

"Mama, hiyo tovuti unaitunza au unaitazama?"

"Imefanya nini?"

"Njoo uone ilichofanya. Kimelala kitanda cha dirishani."

Alikwenda. Kwenye chumba cha kusubiria, hata hakukaa, nesi alimpa simu yake mwenyewe. "Fungua." Bi Kufuli alifungua, na kwa mara ya kwanza akamwona: mwanamke mwenye meno mengi, anacheka, karata zinapepea, sarafu zinamiminika juu ya ratiba ya wagonjwa wa figo. Aliurudisha ukurasa nyuma, akaufungua tena. Safi. Akafungua tena. Safi kabisa.

"Ndivyo linavyofanya hilo tangazo," nesi alisema. "Linakuja mara moja, halafu linajificha mpaka kesho. Na kwenye kompyuta ya ofisini haliji kabisa. Tulidhani unajua."

Hapo ndipo alipoelewa. Aliwahi kusoma kuhusu wizi wa namna hii. Mdukuzi mjanja hamwonyeshi mwenye nyumba. Anamwonyesha mgeni, tena mgeni mwenye simu, tena mara moja tu kwa siku, ili mgeni akilalamika aonekane mwongo. Mtu aliyekwisha kuingia kama mtunzaji anaonyeshwa kila kitu kimenyooka. Na yeye siku zote hizo alikuwa ameukagua mlango wake akiwa amekaa ndani, anaegemea mto, anawaambia walioko nje kwamba hakuna mvua.

Alimchungulia Dereva kupitia kioo cha mlango. Alikuwa kwenye mashine, amefumba macho, uso umejaa. Mkewe alikuwa amekaa mbali naye kidogo, kwenye kiti cha pembeni, mkoba umekumbatiwa magotini. Bi Kufuli hakuwa na ujasiri wa kuingia. Alirudi ofisini kwake.

Kutwa nzima alitafuta. Alishusha tovuti kwanza, akaweka ukurasa mmoja mweupe wenye namba ya nesi. Akakagua kile kijiprogramu cha picha, maana huko ndiko moyo wake ulikotaka mwizi awe amepita. Kilikuwa kimezibwa vizuri, hakijaguswa. Akakagua cha kalenda, cha fomu, akakagua programu yenyewe mama. Hakuna tundu. Aliona tu kilichopandikizwa, faili moja dogo lenye jina la kujifanya, lakini mlango lililoingilia haukuonekana. Bwana wa fotokopi alichungulia, akaona uso wake, akaondoka na utani wake bila kuutoa.

Jioni ikafika. Kwa mazoea, na kwa kuchoka, na labda kwa kutaka kufarijiwa, akatoka kwenye akaunti yake, akaandika kaka, akaandika malkia, akabonyeza.

Neno la siri si sahihi.

Akadhani vidole vimeteleza. Akaandika tena polepole, herufi kwa herufi, kama mtoto anayejifunza. Neno la siri si sahihi. Akaandika mara ya tatu huku anajua tayari, na machozi yalikuwa yanamtoka hata kabla ya jibu. Mtu mwingine alikuwa ameingia kwa jina la kaka yake, akabadilisha kitasa, akamfungia yeye nje.

Hakukuwa na ujanja wowote mkubwa. Jina la kuingilia lilikuwa limeandikwa chini ya kila makala, hadharani, nusu ya ufunguo imetundikwa mlangoni. Nusu ya pili ilikuwa neno la kawaida, dogo, lisilobadilishwa tangu kaka akiwa hai, ambalo mashine za wadukuzi hulijaribu mapema tu pamoja na maelfu ya wenzake. Na akaunti ilikuwa na mamlaka yote, kwa sababu kaka ndiye mwanzilishi. Anwani ya barua pepe ya kaka ilishakufa zamani, kwa hiyo hata onyo la mfumo lilipotumwa halikuwa na wa kulisoma. Alikuwa amewazibia watu wote nyufa, kisha akaacha mlango mzima kwake. Mganga hajigangi, wanasema, lakini huyu alikuwa amewaambukiza na wagonjwa.

Kesho yake alikwenda hospitali. Njiani alijipangia maneno, na nitakwambia alivyojipangia, kwa sababu ni mwanadamu kama sisi. Alipanga kusema kuna wadukuzi, wako mbali, waligundua tundu kwenye programu, dunia nzima imeumia, tumelirekebisha, poleni. Karibu yote yangekuwa kweli. Juzi si kulikuwa na tundu kweli, na limetangazwa? Dereva angesafishika, yeye angebaki fundi, na kaka angebaki Kaka, yule ambaye wagonjwa wapya bado wanasomewa maneno yake wakishikwa mkono. Nani angeumia?

Dereva alikuwa amekaa kitandani, uvimbe umepungua, anakunywa maji kidogo kwa kijiko. Mkewe alikuwa kwenye kiti kile kile, mbali vile vile. Bi Kufuli alisalimu, akaulizia hali, akafungua mdomo aanze na wadukuzi. Kisha akaona namna Dereva alivyokuwa akimtazama mkewe kabla ya kujibu kila kitu, hata hali yake, kama mtu anayeomba ruhusa. Maneno aliyoyapanga akayaacha.

"Mama," akamwambia mke, "mume wako hajacheza kamari. Hajafungua kitu. Karata zile zilitoka kwangu."

Mke alimtazama mumewe, kisha akamtazama yeye.

"Walioziweka ni wezi, lakini waliingilia mlango nilioacha mimi. Akaunti ya marehemu kaka yangu. Ilitakiwa niifunge siku ile tuliyomzika. Sikuifunga. Nilikuwa naingia humo kila Ijumaa, nasoma jina lake tu, basi. Mzee aliponipigia nilitazama kwangu, nikaona pasafi, nikamcheka. Sikuangalia kwa simu. Ningeangalia kwa simu hata mara moja, asingekuwa amelala hapa."

Mashine ya kitanda cha jirani ililia, nesi akaja akaituliza, akaondoka taratibu huku masikio ameyaacha.

"Ulicheka," mke alisema hatimaye. "Hicho ndicho nilichokisikia mimi. Kile kicheko."

"Nilicheka, mama. Nisamehe."

"Mimi nimefungia simu ya mgonjwa kabatini." Aliukumbatia mkoba wake. "Aliniapia mume wangu, nikamwamini mtu wa kwenye simu. Sasa mimi nimwombe nani msamaha?"

Dereva aliweka kijiko chini. "Mimi mwenyewe nilianza kujishuku," alisema. "Usiku nilikuwa najiuliza kama labda nilibonyeza kitu nikasahau. Mtu uliyewahi kuwa mwizi, hata ng'ombe akipotea mwenyewe unaikagua mifuko yako." Alicheka kidogo, kicheko kikamgeuka kikohozi, na mkewe akainuka kwenye kile kiti cha mbali akaja kumshika mgongo. Kikohozi kikaisha, mkono ukabaki palepale.

Bi Kufuli aliaga. Alipofika mlangoni Dereva akamwita.

"Hiyo akaunti utaifuta?"

"Leo hii."

"Na ile ya sindano ya kwanza? Mimi siku yangu ya kwanza nilikuja nayo nimeichapisha, nimeikunja kifuani. Usije ukaifuta."

"Siifuti, Mzee."

Ofisini alifanya kazi yote iliyobaki. Alirudisha nakala ya akiba ya kabla ya wizi, akabadilisha maneno yote ya siri, akafunga kila kinachofungika. Mwisho akabaki na lile jina. Alilichagua, akabonyeza futa. Programu haina adabu lakini ina utaratibu, haifuti mtu kabla ya kuuliza. Ikamwuliza: maandishi ya mtumiaji huyu yafanyiwe nini? Yafutwe yote, au akabidhiwe mtu mwingine?

Alikaa mbele ya swali lile mpaka bwana wa fotokopi akaanza kushusha milango ya duka. Kisha akachagua kukabidhi, na kwenye nafasi ya jina kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumchagua. Akabonyeza. Alipofungua "Sindano ya Kwanza", chini yake palisomeka: imeandikwa na dada. Hilo hakuweza kulivumilia. Chini kabisa ya makala akaongeza mstari mmoja kwa vidole vyake vya zamani vya taipu: Maneno haya ni ya kaka yangu, aliyelala kwenye mashine hizi kabla yenu. Akafanya hivyo kwenye makala zote, moja moja.

Tovuti ilipofunguliwa tena, aliikagua kwa simu ya bwana wa fotokopi, kisha kwa simu ya mteja aliyekuja kutoa nakala ya kitambulisho na hakuelewa kwa nini anaombwa simu. Halafu akaomba wagonjwa nao wajaribu, akangoja majibu. Ya wengi yalikuja haraka. La Dereva lilichelewa, na lilipokuja halikuwa limeandikwa na yeye.

"Tumefungua kwa simu yake," mkewe aliandika. "Ni ratiba tu. Zamu yetu Jumatatu."

Ijumaa iliyofuata, jioni, mkono wake ulikwenda wenyewe kuandika kaka, akauzuia. Akaandika dada, akaandika neno lake refu la siri, lile asilolijua mtu, akabonyeza. Juu pembeni ikatokea salamu ambayo alikuwa akiipita kila siku ya kazi bila kuitazama, aliyoandikiwa na kaka yake kwa mkono usio na sindano.

Karibu tena, Dada.

Aliisoma, akaisoma tena. Kisha akajifuta uso, akazima taa, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, hakurudi nyuma kuutikisa.